Mitaa Kwanza, Nyumba Baadaye

Mji hukua kwa namna mbili: ama watawala hutangulia kupima mitaa na wakazi wakafuata, ama wakazi hutangulia kujenga, na mitaa ikatafutwa baadaye katika nafasi zilizosalia baina ya kuta, na Dar es Salaam, mji ulioasisiwa na Sayyid Majid bin Said katika miaka ya 1860, umezijua zote mbili, hata atakaye kuzilinganisha hana haja ya kusafiri mbali.

Na aanze Kariakoo. Hapo Wajerumani walichora mitaa iliyonyooka na kukatana, na Waingereza wakaiendeleza. Na ijapokuwa nyumba za udongo na makuti zimetoweka, maghorofa yakasimama mahali pake, mitaa ya Msimbazi, Swahili, Sikukuu na Narung'ombe ingali pale pale, na aliyezuiliwa huku aweza kupitia kule. Nyumba hubomolewa ikajengwa nyingine, bali mtaa ukishakaa hudumu vizazi na vizazi, kwa kuwa kuuhamisha ni kugusa milki ya kila aliye kando yake.

Mwaka 1967 mji huu haukufikia watu 400,000. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5. Ndipo namna ya pili ikatawala: makazi yakaenea kuzifuata barabara kuu nne, za Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa, zilizotawanyika mfano wa vidole, na baina yake mashamba ya minazi na mikorosho yakakatwa vipande na kuuzwa mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, kila mnunuzi akiridhika na kichochoro cha kumfikisha mlangoni pake, pasipo kujali kama kitakutana na cha jirani. Ndiyo sababu aghalabu watu wawili waliopakana kwa ukuta hulazimika kuzunguka hadi barabara kuu ili kufikiana kwa gari. Foleni huzidi, gari la zimamoto hukwama, na mgonjwa hubebwa mikononi.

Wala haya si maradhi ya ufukara peke yake. Marekani, yenye mali na wapimaji tele, baada ya Vita Vikuu vya Pili ilijenga vitongoji vingi vya mitaa isiyotokea popote, kwa kusudi la kuwaepusha wakazi na magari yapitayo, walakini hata safari fupi ya dukani ikahitaji gari. Utafiti wa Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball, uliochapishwa mwaka 2015, ulidhihirisha kwamba hali hiyo ilizidi hadi katikati ya miaka ya 1990, kisha mitaa mipya ikaanza tena kuunganika. Kosa hili, basi, laweza kukomeshwa.

Maadamu Chanika, Kibamba na Kigamboni, pembezoni mwa Dar es Salaam, zingali na mashamba yasiyojengwa, halmashauri zetu na zifanye hima kupima mitaa inayokutana, zikiwafidia kwa insafu watakaotwaliwa ardhi, ndipo viwanja viuzwe. Nawe msomaji unayenunua kiwanja, kabla hujatoa fedha, uliza njia iliyo mbele yake inatokea wapi. Na siku ya kujenga, mwachie jirani yako pa kupita.