Hesabu ya baiskeli ya kwendea kazini

Mkazi wa Dar es Salaam anayeishi kilomita 8 kutoka kazini hulipa daladala shilingi 600, nauli ya LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, iliyoanza kutumika Desemba 2023 kwa safari isiyozidi kilomita 10. Kwenda na kurudi ni 1,200. Kwa siku 26 za mwezi ni 31,200. Kwa mwaka, 374,400. Muuza baiskeli huanzia kwenye jumla hiyo. Sisi tuanze kwa kuitilia shaka.

Jumla hiyo inamtaka mtu aendeshe siku zote 312. Lakini kuna masika, kuna vuli, kuna siku ya homa na siku ya mzigo usiofungika kwenye keria. Tukichukua asilimia 70, zinabaki siku 218, na nauli inayookolewa inashuka hadi 261,600.

Sasa baiskeli zenyewe. Gharama ya mwaka hapa ni bei ya kununulia, ukijumlisha matengenezo yote, kisha ukagawanya kwa miaka ya kudumu. Bei ni za mfano. Weka ulizotajiwa wewe. Phoenix mpya, ile ya tairi za inchi 28 na breki za fimbo, tuipe 280,000, matengenezo 60,000 kwa mwaka, na miaka 6. Gharama yake ya mwaka ni 106,667. Ya gea na shokapu, ya bei ya chini, tuipe 200,000, matengenezo 110,000, na miaka 2. Inakuja 210,000. Iliyokuwa rahisi kwa 80,000 dukani imekuwa karibu mara mbili barabarani.

Kwa siku 218, Phoenix inambakizia mwenyewe 154,933 kwa mwaka. Ya gea, 51,600. Akiendesha nusu tu ya siku, yaani 156, nauli anayookoa ni 187,200, na ya gea inamtia hasara ya 22,800. (Hasara hiyo ingepungua kidogo, kwa kuwa baiskeli isiyotembea sana hailiwi cheni.) Kufuli halimo kwenye hesabu hizi, wala wizi, na ikiibwa mwaka wa kwanza hesabu yote imekufa.

Miaka 6 kwa 2 nimeiweka mimi, na msomaji ana haki ya kuikataa. Basi tuigeuze: Phoenix idumu 3 tu, ya gea idumu 4. Ya kwanza inapanda hadi 153,333, ya pili inashuka hadi 160,000. Zimetofautiana kwa 6,667, bei ya soda chache. Matengenezo ya ile ya gea yakishuka kutoka 110,000 hadi 90,000, gharama yake inakuwa 140,000, na inashinda.

Uzito, ambao dukani husifiwa sana, una uzito mdogo. Phoenix ya kilo 20 na mwendeshaji wa kilo 65 ni kilo 85. Baiskeli ya kilo 15 inafanya 80. Ni pungufu ya asilimia 6, na kwenye barabara tambarare miguu haitaisikia sana.

Kinachoamua ni matengenezo na miaka ya kudumu. Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, pitia kwa fundi baiskeli wa mtaani kwako. Muulize bei ya tairi, cheni na seti ya gea, na ni zipi anazo leo.