Kazi Ikihama, Mtaalamu Abaki na Nini?



Wazee wengi wa jumuiya yetu waliwasomesha watoto wao kompyuta kwa imani kwamba ujuzi huo haukosi riziki. Leo twawaona watu wa makamo, waliotumikia mahala pamoja kwa miaka ishirini, wakiarifiwa kuwa kazi yao imekabidhiwa kampuni nyingine, ya hapa Uingereza au ya ng'ambo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1989 kampuni ya Kodak ya Marekani iliikabidhi IBM uendeshaji wa kompyuta zake, na makampuni mengi yakafuata. Hapa Uingereza, idara ya kodi iliipa EDS ya Marekani kazi zake za kompyuta mwaka 1994. Mwaka 2004 zikahamia kwa Capgemini ya Ufaransa. Hivyo mtumishi aweza kubadilishiwa mwajiri mara mbili naye yu kwenye kiti kile kile.

Lililo zito zaidi ni kazi kuondoka na mtu akaachwa. Mwanzoni mwa mwaka 2015, kwenye bustani za Disney huko Orlando, takriban wataalamu 250 waliachishwa kazi. Wengi wao walitakiwa kwanza kuwafundisha wageni wenye viza za muda waliokuja kushika nafasi zao. Hata hivyo haitupendezi kumlaumu kijana wa Bangalore. Sisi pia tulivuka bahari kuifuata riziki.

Aghalabu kazi zinazotangulia kuhama ni zile zinazoweza kuandikwa hatua kwa hatua: kurekebisha programu za zamani, kuangalia seva usiku, kujibu simu za wenye matatizo. Zinazobaki humtaka mtu aijuaye shughuli yenyewe: kueleza kinachohitajiwa, kusimamia mkataba, kukagua kazi iliyoletwa, kulinda siri za wateja. Aliyefanya kazi miaka ishirini katika idara ya kodi hajui kompyuta peke yake, ajua kodi. Hiyo ndiyo mali yake, na yampasa aitangaze mapema, kabla ya barua kumfikia. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Basi na aandike kila alilolitengeneza na faida iliyopatikana.

Tena aijue haki yake. Kanuni za TUPE za mwaka 1981, zilizofanywa upya mwaka 2006, zasema kuwa kazi ikihamishiwa mwajiri mwingine, mtumishi huhama na masharti yake na miaka yake ya utumishi. Pensheni ya kampuni haifuati vivyo hivyo. Aulize kabla ya kutia saini karatasi yoyote. Kazi ikifutwa, aliyetimiza miaka miwili hustahiki kiinua mgongo cha kisheria, na miaka aliyotumikia akiwa na umri wa 41 na zaidi huhesabiwa kwa kiwango cha juu. Shirika la Acas hutoa ushauri bila malipo.

Mwisho, twawaomba akina baba wasiifiche habari hii nyumbani. Mke na watoto wakijua mapema, matumizi hupunguzwa kwa mashauriano, wala deni haliingii kwa siri. Kuachishwa kazi si aibu ya mtu.

Mwenyezi Mungu atuzidishie riziki ya halali. Amin.