Nadhiri ya Kugeuka

Mkesha wa mwaka mpya hapa Namasakata unatukuta korosho zimeshakwenda mnadani na, kwa waliojaliwa, malipo yameshaingia. Mtu ana fedha kidogo, ana daftari jipya, ana ari. Basi anaandika. Januari iliyopita mkulima mmoja wa jumuiya yetu aliniletea daftari lake: kuacha pombe, kumaliza nyumba, kusoma Biblia nzima, kuacha hasira. Chini yake alipiga mstari mara mbili, kwa nguvu, mpaka karatasi ikatoboka.

"Mwalimu," aliniuliza, "mbona kila mwaka naandika hayahaya?"

Swali hilo ninalichukulia kwa uzito, maana wengi huliuliza kimoyomoyo kwa aibu. Biblia haikatazi kupanga. Katika Luka 14, Yesu anatoa mfano wa mjenzi anayeketi kwanza kupiga hesabu ya mnara kabla ya kuchimba msingi. Yakobo naye, katika sura ya 4, anawakemea wafanyabiashara waliokwisha kupanga safari, mji na faida ya mwaka mzima. Kosa lao ni kuisema kesho kama mali iliyomo ghalani mwao. Majirani zetu Waislamu wanaliweka sawa kwa neno moja, inshallah, na Yakobo anatufundisha kusema vivyo hivyo.

Lakini daftari la rafiki yangu halikuwa na majivuno. Lilikuwa na haraka. Alitaka Desemba imkute mtu mwingine kabisa.

Hapo ndipo ninapokumbuka Peramiho, magharibi ya Songea, ambako Wabenedikto walifungua misheni mwaka 1898. Watawa wale wanaishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, yenye sura 73, iliyoandikwa karne ya 6. Wengi tunajua habari ya sala na kazi, tunajua hospitali yao na karakana zao. Nadhiri zao hatuzijui sana. Mtawa huahidi utii, huahidi kudumu katika nyumba moja, na huahidi jambo la tatu ambalo kwa Kilatini huitwa conversatio morum. Watafsiri wamehangaika nalo miaka mingi. Mimi huliita kugeuza mwenendo, kila siku, mpaka kufa. Hakuna mtawa anayeapa kwamba kufikia tarehe fulani atakuwa mtakatifu. Na ile ahadi ya kudumu mahali pamoja inaisaidia hii ya tatu: unabaki na watu walewale, wanaozijua kasoro zako, huwezi kuwakimbia.

Mkulima wa korosho anaelewa hili kuliko mtaalamu wa mjini. Ugonjwa wa ubwiriunga hauishi kwa kupuliza salfa mara moja. Maua yakianza unapuliza, wiki zinapita, unarudi mtini. Salfa ya mwaka jana haikingi maua ya mwaka huu, na hakuna anayeung'oa mkorosho kwa sababu ameruka duru moja. Hata Paulo, akiwaandikia Wafilipi kutoka kifungoni, anakiri kwamba hajafika bado. Aliandika hivyo akiwa mtu aliyekwisha kupokelewa na Kristo, na kwa Mkristo huo ndio mwanzo wa lengo lolote: unapendwa kabla hujabadilika. Anayejirekebisha ili apendwe huchoka mapema, na akianguka hujificha. Mwenye uhakika wa kupendwa anaweza kwenda kutubu Jumamosi na kuanza tena Jumapili.

Basi mimi na yule rafiki wa daftari tulikaa chini ya mwembe tukachagua lengo moja tu, hasira. Nikamuuliza humpata saa ngapi. Akafikiri. Jioni, akitoka shambani, watoto wakiwa hawajateka maji. Tukakubaliana kwamba kabla ya kuingia uani ataweka jembe chini, anawe uso, aseme sala fupi. Kila siku aliyofanya hivyo angepiga kijistari, na Jumamosi mke wake angemwambia ameonaje.

Aliniletea daftari tena baada ya Pasaka. Katikati ya Machi palikuwa na siku tisa tupu. Baada yake vijistari vinaendelea.