Sura ya Tano: Jina Lililo Chini ya Karatasi

Wakili anayefanyia kazi nyumbani, tuseme Nyasaka au Buhongwa hapa Mwanza, anaanza akiwa amepungukiwa na vitu viwili ambavyo wenzake wa mjini wanavipata bila jasho. Hana kibao kinachosomwa na wapita njia wa Barabara ya Kenyatta, wala hana mahakama jirani ya kumletea mtu aliyekwama anayeuliza nani amwandikie hati ya kiapo. Kodi ya ofisi, inayodaiwa ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, ameikwepa. Lakini pamoja na kodi amekosa pia mlango ambao mteja angeuona.

Sura zilizotangulia zilishughulikia maandalizi: leseni ya uwakili inayohuishwa kila mwaka, namba ya mlipakodi ya TRA, usajili wa jina la ofisi BRELA. Sasa tunafika kwenye swali linalowakosesha mawakili vijana usingizi: wateja watatoka wapi? Watatoka kwenye kazi uliyokwisha kuifanya. Kila karatasi inayoondoka mezani kwako inakwenda kusomwa na watu usiowajua, na kwa wakili asiye na kibao, karatasi hiyo ndiyo inayomtangaza.

Kupiga debe hakuruhusiwi

Tuanze na mipaka. Mawakili wa Tanzania Bara wanaongozwa na Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, pamoja na kanuni za maadili za mwaka 2018. Kupiga debe ili upate wateja ni kosa la kimaadili, na kugawana ada na mtu asiye wakili ni kosa vilevile. Ukimtuma kijana azunguke wodi za hospitali ya Bugando akiulizia majeruhi wa ajali, au ukikubaliana na dalali wa viwanja akuletee wanunuzi nawe umkatie asilimia, unaweza kujikuta mbele ya Kamati ya Mawakili, yenye uwezo wa kukusimamisha na hata kulifuta jina lako kwenye orodha ya mawakili.

Si kila nchi imebaki hapo. Marekani, mawakili wawili wa Phoenix, John Bates na Van O'Steen, walitangaza bei zao gazetini mwaka 1976 na kuadhibiwa na chama chao. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu, kwa kura tano dhidi ya nne, ikaamua kwamba kuwapiga marufuku moja kwa moja mawakili wasijitangaze kunavunja uhuru wa kujieleza. Jirani zetu wa Kenya walipita njia inayofanana na hiyo: mwaka 2012 Mahakama Kuu iliona katazo la jumla halipatani na katiba mpya, na mwaka 2014 zikatungwa kanuni za namna wakili anavyoweza kujitangaza.

Kabla hujaanza kuwaonea wivu, jiulize tangazo lingekusaidia nini hapa Mwanza. Mkoa una watu zaidi ya milioni 3.6 kwa sensa ya mwaka 2022, na wengi wao hawajawahi kuzungumza na wakili maisha yao yote. Mtu wa namna hiyo haamini bango. Wengi wameshaumizwa na vishoka, wale wanaojiita mawakili bila kuapishwa, ambao kutangaza hawajambo. Anachotafuta ni mtu anayemwamini amwambie, "Nenda kwa fulani, mimi alinisaidia."

Mgogoro unapopita kabla ya kukufikia

Kwa hiyo chunguza shauri linatembeaje mtaani kabla halijawa la wakili. Chukua ugomvi wa mpaka wa kiwanja Igoma. Kwanza linakaa kwa wazee wa familia. Likishindikana, linakwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, baraza hilo halitoi tena hukumu. Kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa linathibitisha hivyo ili shauri liweze kupokelewa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hapo ndipo mwananchi anapobaki na karatasi mkononi akiuliza, "Sasa niende wapi?" Anayejibu swali hilo ni mwenyekiti, katibu wa baraza, au kijana wa stesheneri anayechapa barua kwa kurasa.

Watu hao watatu wanastahili kukufahamu, na njia halali ya kufahamika kwao ni kuwapunguzia mzigo. Mwenyekiti wa mtaa anashuhudia mauziano mengi kuliko mawakili wengi, na mara kwa mara ndiye anayeitwa shahidi mauziano yakigeuka kesi. Ukimweleza mambo yanayopaswa kuwamo kwenye mkataba ili naye asisumbuliwe, umemfaa. Usimpe kitu kwa ajili ya wateja, na akiomba, mkatalie kwa heshima zote za mzee.

Kuna pia wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hao hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani, hivyo shauri likikomaa wanahitaji wakili. Akikupigia mmoja wao jioni kuuliza ukomo wa muda wa madai fulani, mjibu. Anaweza kuwa Ukerewe, ambako safari ya kuja mjini kumuuliza wakili ni ya meli na siku nzima.

Njia nyingine ni kufundisha. Mfanyakazi wa kiwanda cha kuchakata sangara aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi wanazimaliza wakingoja bosi ageuze moyo. Mtu anayedai ardhi ana miaka 12. Eleza mambo haya kwenye kikao cha kikoba, baada ya ibada au baada ya swala, kwa Kiswahili cha kawaida, na kwa Kisukuma kama unakimudu, maana wazee wa Misungwi na Magu hufunguka zaidi hapo. Usimalize kwa kugawa kadi. Anayeguswa na tarehe atakutafuta mwenyewe.

Mkataba wa kurasa tatu

Turudi kwenye karatasi. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mawakili kinamtaka aliyeandaa hati aandike jina na anwani yake juu yake, na ofisi ya usajili haipaswi kuipokea hati isiyo na jina hilo. Ndiyo sababu ya ile sehemu ndogo ya mwisho: "Imeandaliwa na", kisha jina, sanduku la posta, simu. Kusudio la sheria ni kuwabana vishoka. Kwako wewe, sheria imekuagiza uweke jina lako kwenye kila kazi yako.

Tazama mkataba mmoja wa mauziano ya kiwanja kisichopimwa, Kishiri. Unatoka nakala nne: muuzaji, mnunuzi, ofisi ya mtaa, na jalada lako. Baada ya mwaka, mnunuzi anaipeleka nakala yake kwa wahusika wa urasimishaji. Mwaka wa pili anaipeleka kwenye taasisi ya mkopo. Afisa mikopo amesoma mamia ya mikataba iliyoandikwa "mpaka wa kaskazini ni jiwe kubwa", na katika jiji la miamba hilo jiwe linaweza kuwa lolote. Wako unasema mita 20 kwa 25, unataja majirani wa pande zote nne nao wametia saini, una picha za wahusika, una ridhaa ya mke wa muuzaji yenye dole gumba lake na maelezo kwamba alisomewa akaelewa. Afisa anageuza ukurasa wa mwisho aone ni nani aliyeandika. Siku mteja wake mwingine atakapoambiwa mkataba wake haufai, jina litakalotajwa ni lile.

Karatasi mbaya nayo inasafiri. Kishawishi kikubwa cha wakili wa nyumbani ni kugonga muhuri haraka haraka. Jirani anakuja na hati ya kiapo: "Wakili, shemeji yako yuko Geita, ameshasaini, wewe gonga tu." Kiapo huapwa mbele ya kamishna wa viapo, aliyeko Geita hajaapa mbele yako. Ukikubali umepata shilingi chache, na siku wakili wa upande wa pili atakapomuuliza shemeji huyo alikuwa wapi tarehe ile, jina lako litasomwa kwa sauti mbele ya hakimu.

Sebule yenye mlango

Mteja wa kwanza akifika, nyumba yenyewe itamtia shaka. Mama mfanyabiashara wa dagaa kutoka Igombe amefuata mirathi ya marehemu mumewe. Anakuta geti, mbuzi, watoto wanarudi shule. Usiudhike akisita. Mpe kiti, kisha mpe simu.

"Mama, fungua hapa e-Wakili, ni mfumo wa Mahakama. Andika jina langu."

"Mimi macho haya, mwanangu, niandikie."

"Hapana, aandike huyu kijana wako. Soma, inasemaje?"

Akishasomewa kwamba jina lipo na leseni ni hai, shaka imepungua, na amepata kipimo atakachompimia kishoka atakayekuja kesho. Atakaporudi Igombe atawaonyesha wenzake mwaloni namna ya kukagua.

Kisha kuna siri. Chumba cha kazi kiwe na mlango unaofungwa na kabati lenye kufuli, na ikiwezekana kiingiliwe kwa nje bila kupita sebuleni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022, haitofautishi jalada la ghorofani na la uvunguni mwa kitanda. Mwanamke anayedai talaka hatarudi kwako ikiwa shemeji yako alimwona akitoka na kumuuliza hali. Kwa mashauri ya ndoa, panga muda ambao nyumba imetulia, au omba chumba kwa mwenzako mwenye ofisi mjini.

Kilichowezesha wakili kufanyia kazi nyumbani ni teknolojia ya Mahakama yenyewe. Kanuni za kufungua mashauri kwa njia ya elektroniki zilitoka mwaka 2018, na usikilizaji wa mashauri kwa video ulishika kasi kipindi cha korona mwaka 2020. Marekebisho ya mwaka 2021 yakakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mchango wa hilo la mwisho katika kupata wateja haujazungumzwa vya kutosha: mteja anayeweza kusoma mwenyewe hati ya madai uliyomwandikia anaweza pia kuisifu. Nalo Daraja la J.P. Magufuli, lililozinduliwa Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, limemwondolea mtu wa Sengerema foleni ya kivuko. Anayekuja mjini kwa shughuli nyingine anaweza kukupitia na kuwahi kurudi.

Ada na kukataa

Bei ya chini isiwe ndiyo sifa yako. Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015 inaweka viwango, na ukigombana na mteja kuhusu gharama, atakayezipima ni msajili. Mweleze mteja siku ya kwanza, kwa maandishi: ada ni kiasi gani, inalipwa kwa awamu zipi, nini hakimo ndani yake. Mpe risiti hata kwa elfu kumi. Malalamiko mengi dhidi ya mawakili huanza kwa fedha isiyo na karatasi, na mteja aliyelalamika huwasimulia wengi kuliko aliyeridhika.

Jifunze kukataa pia. Kesi ya madini ya Geita au ya forodha inaweza kuzidi uwezo wa mtu mmoja mwenye kompyuta moja. Mpeleke mteja kwa wakili msomi mwenye uzoefu wa jambo hilo, na uende naye siku ya kwanza. Ofisi kubwa za mjini nazo zina kazi ndogo zisizotaka kuzishughulikia: kiapo, mirathi ya nyumba moja, barua ya madai. Zitampelekea aliyewahi kuzitendea haki.

Mwisho, kwenye daftari la wateja chora safu moja ya ziada: nani alimwelekeza? Jaza kila mara, na Desemba, unapojiandaa kuhuisha leseni, isome yote. Majina yakiwa mengi na ya namna mbalimbali, mwenyekiti, mteja wa zamani, afisa mikopo, wakili mwenzako, ofisi yako ina mizizi. Safu ikijaa jina la dalali mmoja, basi umekuwa mwajiriwa wake. Anza Januari kutafuta wengine kabla hajadai asilimia yake.