Kiunzi, Mhimili na Figa: Istilahi za Miundo Inayobeba Vigunduzi vya Chembe

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi miundo inayobeba vigunduzi vya chembe inavyobuniwa katika majaribio ya fizikia, na kuonyesha kwamba Kiswahili kinayo maneno ya kuieleza kazi hiyo kwa usahihi. Katika shule za sekondari za Lubutu, kama kwingineko Maniema, fizikia hufundishwa kwa Kifaransa. Mwanafunzi huweza kukariri kanuni bila kuangusha herufi, lakini akiombwa aieleze kwa lugha anayoitumia nyumbani na sokoni, hunyamaza. Kimya hicho hudhaniwa kuwa ni umaskini wa lugha. Hoja ya makala haya ni kwamba lugha si maskini. Kilichopungua ni kazi ya kuyateua maneno na kuyapa mipaka.

Kazi hiyo ilikwisha kuanzwa kwingine. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Nchini Kongo, Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Cheo hicho hakina budi kuandamana na matumizi.

Kwa nini mahali pa kigunduzi ni sehemu ya kipimo

Chembe za fizikia hazionekani kwa macho. Zile ziitwazo myuoni hushuka kutoka juu angani usiku na mchana; katika usawa wa bahari, kila sentimeta mraba hupitiwa na myuoni moja hivi kwa dakika. Ili kuzigundua, mabamba mawili ya plastiki inayomulika inapopitiwa na chembe huwekwa moja juu ya jingine. Mabamba yote mawili yakimulika kwa wakati mmoja, mtafiti hujua kwamba chembe imepita, na kwa kuunganisha nukta hizo mbili huipata njia yake. Lakini bamba la chini likiwa limeteleza bila mtafiti kujua, njia atakayoichora itakuwa ya uongo. Kwa hiyo muundo unaobeba mabamba si meza tu ya kuwekea vyombo. Ni sehemu ya kipimo chenyewe.

Afrika inao mfano mashuhuri. Mwaka 1965, Frederick Reines wa Marekani na Friedel Sellschop wa Afrika Kusini walifanya jaribio katika mgodi wa dhahabu wa East Rand, karibu na Johannesburg, kwenye kina cha zaidi ya kilometa 3. Walikuwa wakitafuta nyutrino zinazozaliwa angani, na kundi lao lilikuwa miongoni mwa makundi ya kwanza duniani kuzigundua. Mwamba ulio juu ya mgodi huzuia karibu myuoni zote zinazoshuka wima, ilhali myuoni zinazozalishwa na nyutrino mwambani huweza kuja hata kwa upande. Ndiyo sababu vyombo vyao vya kimiminika kinachomulika havikutandazwa sakafuni, bali vilipangwa kama kuta mbili zilizosimama kandokando ya njia ya mgodi. Umbo la muundo lilitokana na swali lililoulizwa.

Upinde, ugwe na joto

Katika majaribio makubwa ya leo ugumu umezidi. Kigunduzi kiitwacho ATLAS, kilichoko chini ya ardhi katika kituo cha CERN karibu na Geneva, kina urefu wa meta 46, kimo cha meta 25 na uzito wa tani 7,000 hivi. Ndani yake myuoni hupita katika uga wa sumaku, na njia yake hupinda. Kadiri chembe inavyokuwa na nguvu nyingi, ndivyo njia inavyopinda kidogo.

Msomaji aufikirie upinde wa mwindaji. Mti wake ni njia ya chembe. Ugwe wake ni mstari ulionyooka kutoka ncha hadi ncha. Umbali kati ya ugwe na tumbo la mti ndio unaopimwa, nao unaweza kuitwa kina cha upinde. Kwa myuoni yenye nguvu ya elektroni-volti trilioni moja, kina hicho ni kama nusu milimeta tu, ingawa njia yenyewe ina urefu wa meta kadhaa. Ili nguvu ya chembe ijulikane kwa hitilafu isiyozidi sehemu moja katika kumi, lazima mahali pa vigunduzi pajulikane kwa usahihi wa milimeta 0.05, yaani kadiri ya unene wa unywele mwembamba.

Adui mkubwa hapa ni joto. Mhimili wa alumini wenye urefu wa meta 10 hurefuka kwa milimeta 0.23 joto linapopanda kwa digrii moja. Wa chuma hurefuka kwa milimeta 0.12. Hata hivyo mhandisi hawezi kuongeza unene wa vyuma apendavyo, kwani mata nyingi njiani huzipotosha chembe zenyewe. Sehemu za ndani kabisa huundwa kwa nyuzi za kaboni, ambazo ni nyepesi, ngumu, na hubadilika kidogo sana kwa joto. Kwa vyumba vya myuoni vya nje, wahandisi walikubali kwamba muundo utasogea, wakaweka miale ya mwanga inayopima kila msogeo. Hiyo ni timazi ya mwashi, ila uzi wake ni mwanga.

Mafiga matatu

Jambo la pili ni namna ya kukikalisha kigunduzi juu ya muundo wake. Kiti cha miguu minne huyumba kwenye sakafu ya udongo, bali chungu juu ya mafiga matatu hakiyumbi. Siri hiyo ya jikoni ndiyo msingi wa kanuni ya wahandisi.

Kitu chochote kina nyendo sita: mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini, pamoja na mizunguko mitatu. Kigunduzi huwekewa vitufe vitatu vya chuma chini yake. Kitufe cha kwanza hukaa katika kikombe, nacho huzuia nyendo tatu. Cha pili hukaa katika mfereji unaoelekea kwenye kikombe, nacho huzuia mbili. Cha tatu hukaa juu ya bamba bapa, nacho huzuia moja. Jumla ni sita, bila pungufu wala ziada. Joto likipanda, vitufe viwili vya mwisho huteleza, na kigunduzi hakipindi. Kama pembe zote zingekazwa kwa parafujo, chuma kingekosa pa kwenda, kingejikunja.

Uteuzi wa istilahi

Hapa ndipo neno baya linapoleta madhara. Mwalimu akisema tu kwamba muundo unashikilia kigunduzi, mwanafunzi ataelewa kwamba kukaza ndio uimara. Kiswahili kinatenganisha kubeba, kuhimili, kushika na kukaza, na istilahi zifuate mipaka hiyo. Kiunzi, kutokana na kuunda, liwe muundo mzima. Mhimili liwe sehemu inayopokea uzito. Kishikizo libaki kwa parafujo na vibanio. Kwa nukta ambayo kigunduzi hukalia, egemeo lingefaa, lakini tayari limezoeleka katika somo la nyenzo. Inapendekezwa litumike figa, wingi mafiga, kwani neno hilo linabeba kanuni yake ndani yake.

Hitimisho

Istilahi hizi hazikubuniwa upya. Zilikuwa tayari jikoni, katika ujenzi wa nyumba na mikononi mwa mwindaji. Mwanafunzi wa Lubutu aliyekwisha kuona chungu kikitulia juu ya mafiga anayo nusu ya somo kabla ya kuingia darasani. Nusu iliyobaki ni wajibu wa mwalimu na wa mwanaisimu.