Urafiki Unaotunzwa kwa Orodha

Mwaka 1854 Ulysses S. Grant, kapteni aliyekuwa ametoka kuacha jeshi, alikwama New York bila hela ya hoteli. Aliyemdhamini ni Simon Bolivar Buckner, mwenzake wa chuo cha kijeshi cha West Point, aliyemaliza mwaka 1844, mwaka mmoja nyuma yake. Walikuwa wamepigana pamoja Mexico, na mwaka 1848 walikuwa kwenye kundi moja la maafisa waliokwenda kuupanda mlima Popocatépetl. Kwa watu waliopitia hayo pamoja, bili ya hoteli ni jambo dogo.

Februari 1862 mambo yalikuwa mengine. Marekani ilikuwa imegawanyika, Kaskazini dhidi ya Kusini, na Buckner, sasa wa jeshi la Kusini, alikuwa ndani ya ngome ya Donelson, Tennessee, amezingirwa na jeshi la mdeni wake wa zamani. Aliandika kuomba masharti ya kusalimu amri. Grant akamjibu kwamba hakuna masharti. Buckner akarudisha barua ya kulalamika kuwa huo si uungwana, kisha akasalimu amri, maana malalamiko hayaondoi mizinga. Kazi ilipokwisha, Grant alimvuta kando akamwambia kuwa kama ana shida ya fedha, mfuko wake uko wazi.

Kisa hiki hupendwa kusimuliwa kama ushahidi kwamba undugu wa chuo cha jeshi hushinda vita. Ukikitazama vizuri kinasema jingine. Ngomeni undugu haukumpunguzia Buckner hata sharti moja. Ulifanya kazi kabla ya hapo, kwenye bili ya hoteli, na ukafanya kazi tena baadaye, kwenye mfuko uliofunguliwa. Nadhani huo ndio ukubwa halisi wa urafiki wa namna hii, na anayeudai zaidi ya hapo atakuja kujuta.

Darasa la chuo cha kijeshi hutengenezwa kwa makusudi. West Point, iliyoanzishwa mwaka 1802 kando ya mto Hudson, huwachukua vijana wasiojuana, ikawanyoa, ikawakosesha usingizi, ikawaadhibu kwa pamoja, na baada ya miaka 4 ikawatoa wakiwa hawawezi kusimulia ujana wao bila kutajana. Tangu mwaka 1835 kila darasa, isipokuwa moja moja, limekuwa na pete yake. Kila mhitimu ana namba yake ya maisha katika rejesta iliyoanzishwa na George Cullum, mhitimu wa mwaka 1833; namba 1 ni ya Joseph Swift, wa mwaka 1802. Kwa Tanzania jambo hili halihitaji maelezo marefu. Waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa bado hutambuana kwa operesheni zao, na watu wawili wasiojuana kabisa, wakigundua kuwa wote ni Operesheni Kikwete, huanza kuulizana habari za afande fulani kabla hata hawajapeana majina.

Lakini kutengeneza ni rahisi kuliko kutunza. Siku ya mahafali kofia zinarushwa hewani, na kesho yake darasa linasambaa: mmoja Korea, mwingine Ujerumani, mwingine katika kambi ya jangwani ambayo hata ramani inaitaja shingo upande. Wanaume, na tangu mwaka 1980 wanawake pia, waliofundishwa kutosema sana kuhusu nafsi zao, hawatapigiana simu kuambiana kwamba wanakumbukana. Wanahitaji sababu ya kikazi kidogo. Harusi ni sababu ya kwanza.

West Point mwanafunzi haruhusiwi kuwa na mke wala mume. Matokeo yake ni kwamba mara baada ya mahafali kanisa la chuo hupata foleni ya maharusi kama ya siku ya mshahara. Nje ya mlango wenzao wa darasa, waliovaa sare, husimama safu mbili na kunyanyua panga zikutane juu kama upinde. Maharusi wanapita chini yake. Wawili wa mwisho hushusha panga na kuwazuia mpaka wabusiane, na bibi harusi akishapita, wa mwisho kabisa humgusa nyuma kwa ubapa wa upanga na kumkaribisha jeshini. Desturi hiyo ina hesabu yake: upinde unahitaji watu sita au wanane. Bwana harusi aliyegombana na darasa zima atapita chini ya hewa, na wageni wote wataona.

Harusi iliyokwenda mbali kuliko zote ilifungwa Agosti 1862, Williamsburg, Virginia, katika nyumba ya Bassett Hall. Bwana harusi, John Lea, kapteni wa jeshi la Kusini, alikuwa amejeruhiwa na kutekwa mwezi Mei katika vita vya mji huohuo, akauguzwa na familia moja ya hapo, akampenda binti yao. Mpambe wake alikuwa George Armstrong Custer, afisa wa jeshi la Kaskazini, mwenzake wa West Point, aliyemaliza chuo mwaka 1861 akiwa wa 34 kati ya 34. Basi wakasimama mbele ya mchungaji, mmoja kavaa kijivu kipya chenye nakshi za dhahabu, mwingine kavaa buluu, nchi mbili kwenye zulia moja. Baadaye Custer alikaa hapo kwa siku kadhaa akicheza karata na bwana harusi, huku jeshi lake likirudi nyuma kutoka eneo hilohilo. Halafu kila mmoja akarudi upande wake.

Afrika nayo ina mpambe wake wa kukumbukwa, na kisa chake ni kizito zaidi. Ibrahim Babangida na Mamman Vatsa wa Nigeria walisoma sekondari moja mjini Bida na kuingia jeshini pamoja Desemba 1962. Babangida alipooa mwaka 1969, aliyesimama ubavuni kwake ni Vatsa. Agosti 1985 Babangida alitwaa madaraka ya nchi. Vatsa, sasa meja jenerali, alikuwa waziri wa eneo la mji mkuu mpya, Abuja. Kabla ya mwaka kwisha alikamatwa kwa tuhuma za kupanga mapinduzi. Tarehe 4 Machi 1986 Chinua Achebe, Wole Soyinka na J.P. Clark walikwenda kwa Babangida kumwombea, kwani Vatsa alikuwa pia mshairi. Siku iliyofuata alipigwa risasi.

Visa hivi viwili havipingani. Lea na Custer walikutana mahali ambapo hakuna aliyekuwa na cha kumnyang'anya mwenzake. Babangida na Vatsa walikutana Ikulu, mahali ambapo kila mtu ana cha kumnyang'anya mwenzake. Tena katika nchi ya mapinduzi, kozi moja ni mzigo wa ziada: kuaminiana bila kuandikiana, jambo linalofanya darasa kuwa darasa, ndiko hukohuko kunakohitajika katika njama. Mpelelezi anayemsaka mshirika wa mtuhumiwa huanza na picha ya mahafali.

Aliyeelewa mapema kwamba urafiki huu unahitaji uzio ni Robert Anderson, mhitimu wa mwaka 1825. Ndiye aliyeilinda ngome ya Sumter Aprili 1861, ikipigwa kwa amri ya P.G.T. Beauregard, ambaye Anderson mwenyewe alikuwa amemfundisha mizinga chuoni. Somo lilikuwa limeeleweka. Vita vilipokwisha, Anderson, sasa mgonjwa, alihimiza wahitimu wa pande zote mbili waunde chama, na kikaundwa mwaka 1869. Katiba yake iliruhusu kumbukumbu na urafiki, ikakataza mijadala ya kisiasa. Yeyote aliyewahi kuwa msimamizi wa kundi la WhatsApp wakati wa uchaguzi ataona kwamba mzee huyo hakuwa na haja ya kufundishwa lolote na karne yetu.

Chama kikashika kazi ambazo hazina utukufu. Kilikusanya tanzia, zikiandikwa na waliomfahamu marehemu. Kilitunza anwani. Kila darasa likapata katibu wake, mtu mmoja wa kujitolea ambaye wenzake humpelekea habari: fulani amemwoza binti, fulani amestaafu, fulani na mkewe wamezunguka Ureno kwa gari na kumkuta fulani Lisbon. Habari hizo, kwa mtu wa nje, huchosha kweli. Goti la bandia, mjukuu wa nne, meli ya utalii, goti la pili. Lakini afadhali zichoshe. Darasa la mwaka 1966 lilizika wenzao 30 waliouawa Vietnam, idadi ambayo hakuna darasa jingine la chuo hicho lililofikia katika vita vile. Kwa watu kama hao, mwenzao anapoandika kuwa amebadilishwa goti, habari ni kwamba ana miaka ya kutosha kuchakaza goti.

Sababu ya pili ni kustaafu, na ndiko kunakolirudisha darasa sawa. Katika jeshi la Marekani afisa anaweza kustaafu kwa pensheni baada ya miaka 20, yaani akiwa na miaka arobaini na kitu, nywele bado zipo. Kwa miaka hiyo 20 cheo huwa kimewatenganisha waliolala bweni moja: mmoja kanali, mwingine meja aliyepitwa na bodi ya vyeo. Huwezi kumtania sana mtu unayempigia saluti. Darasa la mwaka 1915 ndilo hutajwa kila mara, kwa kuwa kati ya wahitimu wake 164, majenerali walikuwa 59, wakiwemo Dwight Eisenhower na Omar Bradley. Eisenhower alimaliza wa 61, na mwaka 1955, akiwa rais, alirudi chuoni kuhutubia mahafali, miaka 40 baada ya yake. Hesabu ya hao 59 imerudiwa mpaka imekuwa wimbo. Waliobaki 105 nao walikuwa darasa hilohilo, na kwa katibu wa darasa anwani ya kanali ina kazi sawa na anwani ya rais. Stahili za vyeo zikishakabidhiwa stoo, wote hurudi kuwa yule aliyeficha chakula bwenini na yule aliyekamatwa badala yake.

Sababu ya tatu ni safari. Mstaafu wa jeshi la Marekani anaweza kupanda ndege ya kijeshi bure au karibu na bure, ikiwa kuna kiti kilichobaki. Wanaosubiri viti hupangwa katika makundi sita, na wastaafu ni la sita. Mtu aliyewahi kuamuru kikosi kizima hukaa benchini na begi lake, akimtazama koplo anayekwenda likizo akiitwa kwanza. Wengi hukubali. Wana muda, na upande wa pili kuna mwenzao mwenye chumba cha wageni.

Safari nzuri kuliko zote katika historia hii aliifanya Buckner. Juni 1885, akiwa na miaka 62 na mjane wa miaka mingi, alioa tena. Grant wakati huo alikuwa Mount McGregor, jimbo la New York, akifa kwa saratani ya koo, amefilisika, akikimbizana na kifo ili amalize kitabu cha maisha yake ambacho kingeiachia familia yake chochote. Julai, katikati ya fungate, Buckner alimpeleka bibi harusi wake kumwona. Grant alikuwa hawezi tena kuzungumza. Alijibu kwa kuandika kwenye vipande vya karatasi. Alifariki tarehe 23 Julai. Agosti katika mazishi yake Buckner alikuwa miongoni mwa wabeba jeneza wa heshima, pamoja na William Sherman na Philip Sheridan, majenerali wa upande uliomshinda.

Chuo kimeyageuza mambo haya kuwa utaratibu. Tangu darasa la mwaka 2002, pete za wahitimu waliofariki, zikitolewa na familia zao, huyeyushwa na dhahabu yake kuchanganywa katika pete za darasa jipya. Kila darasa jipya hupewa mlezi, darasa lililohitimu miaka 50 kabla ya mwaka wake wa mahafali, na wazee wanaokaribia miaka sabini hutembea na vijana maili kama 12 kurudi chuoni mwishoni mwa mafunzo ya kwanza ya kiangazi. Katika miaka ya karibuni matembezi hayo huanzia kambi ya Buckner, iliyopewa jina la mtoto wa Buckner wetu, jenerali aliyeuawa Okinawa mwaka 1945. Wazee huambiwa kwamba wanaweza kutembea kipande tu. Ukiwajua watu wa aina hiyo utajua ni wangapi hukubali kipande.

Yote haya yana gharama ndogo na yanahitaji mtu mmoja mvumilivu. Serikali ikivunjika, darasa halitaiunganisha. Mwenzako akiitaka Ikulu, picha ya harusi yako haitakulinda. Litakachofanya darasa ni kulipa hoteli, kunyanyua upanga mlangoni mwa kanisa, kuja hospitali, na kuandika tanzia yenye tarehe sahihi, na hayo hufanyika pale tu ambapo kuna anayejua nani yuko wapi. Vijana wanaomaliza kozi mwaka huu katika vyuo vya kijeshi vya Monduli au Lanet, wakitaka kukutana wakiwa wazee, wachague katibu kwanza, mtu asiyechoka kuuliza namba mpya za simu. Mwenyekiti atapatikana tu. Hao hawajawahi kuadimika.