Mwimbaji wa Gari Moshi na Sauti Iliyofika Kericho

Leo kalamu ziwekeni chini kwanza. Toa sauti nene ya kifuani: "o-o-o". Sasa iruke ghafula iwe nyembamba kama ya mtoto: "i-i-i". Rudi chini. Rudia upesi upesi. Ukicheka si neno, maana na jirani yako anacheka. Uimbaji wa namna hii huitwa yodeli, na wachungaji wa milima ya Uswisi na Austria waliutumia kuitana kutoka mlima hata mlima.

Mtu aliyeutia sana katika nyimbo za mashambani za Marekani ni Jimmie Rodgers, aliyezaliwa mwaka 1897, upande wa kusini. Baba yake alikuwa msimamizi wa wafanyakazi wa reli, naye akawa mtu wa breki katika magari moshi. Pale relini Wamarekani weusi walipiga nyundo huku wakiimba. Walikuwa pia na nyimbo za huzuni, ziitwazo bluzi. Rodgers alizisikiliza, akazishika, akazichanganya na yodeli na gitaa. Jambo hili tusilipite mbio: waliomfundisha hawakuandikwa majina yao juu ya santuri zake.

Mwaka 1924 akaambiwa ana kifua kikuu. Kazi ya reli ni ya watu wenye afya, basi ikamshinda. Kilichobaki kumlisha yeye na jamaa yake kilikuwa sauti, nayo yatoka katika mapafu yale yale yaliyokuwa yakiliwa na ugonjwa. Mwezi wa Agosti 1927, katika mji wa Bristol, aliimba kwa mara ya kwanza mbele ya mashine ya kunasa sauti. Mwaka 1930 Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mashuhuri wa jazi, alipiga pamoja naye katika santuri moja. Mmoja mweusi, mmoja mweupe, katika siku za ubaguzi mkali. Hata wapigaji wa roki, muziki uliozaliwa baada yake, walimhesabu kuwa mzee wao: mwaka 1986 jina lake liliingizwa katika jumba lao la heshima.

Mwezi wa Mei 1933 alikwenda New York kuimba tena. Aliwekewa kitanda, akawa anaimba, analala kidogo, kisha anainuka na kuimba. Alikufa tarehe 26 ya mwezi huo, mwenye miaka 35. Streptomaisini, dawa ya kwanza iliyoweza kuponya kifua kikuu, ilipatikana mwaka 1943.

Lakini santuri husafiri hata baada ya mwenye sauti kuzikwa. Zake zilifika Kenya, zikapigwa kwa gramafoni. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo za Kiafrika, alikwenda Kapkatet, upande wa Kericho. Huko wasichana wa Kikipsigis walimwimbia wimbo wa kiumbe cha ajabu, nusu mtu nusu paa, wakimwomba acheze ngoma. Jina lake Chemirocha. Kiingereza cha santuri hakikuwa lugha yao. Ile sauti inayoruka iliwatosha, wakamtungia umbo na wimbo wa kwao.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni majina haya mawili, moja chini ya jingine: Jimmie Rodgers, Chemirocha. Kisha yasomeni kwa sauti, upesi upesi.